Kila Lugha na Kipimo Chake
Tangu mwaka 2014, mtaala wa taifa wa England, huko Uingereza, unaagiza watoto wa miaka 7 hadi 11 wafundishwe lugha ya kigeni, iwe hai kama Kifaransa au ya kale kama Kilatini. Vipimo vyatofautiana: katika lugha hai mtoto sharti azungumze, katika lugha ya kale msingi ni kusoma na kuelewa. Twaona huo ni uamuzi wa busara.

Hata hivyo, tangu mwaka 2004 kijana atimizapo miaka 14 huruhusiwa kuacha somo hilo, na wengi wameliacha. Kipimo chema hakimfai aliyekwisha kuondoka darasani. Wakuu wa elimu popote walipo na wazingatie: mpanda mbegu hana budi kupalilia hadi mavuno.