Koki ya bafu inavuja: itengenezwe au ing'olewe?

Kila mwaka inapofika Desemba, nyumba nyingi za mlimani, kutoka Rombo mpaka Machame, hufunguliwa milango. Wenyewe wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata Nairobi kula Krismasi na wazee wao. Hufungua koki kuu iliyo karibu na dira ya maji, na mara bafuni kunaanza: tii, tii, tii. Koki ya bomba la mvua iliyokaa imefungwa tangu Januari sasa haizibi tena. Fundi akiitwa, ana nyumba kumi zinamngoja, na malipo ya siku hiyo si malipo ya Septemba. Basi swali huulizwa kwa haraka: tutengeneze, au tung'oe tuweke mpya? Na swali la namna hii likiulizwa kwa haraka, mara nyingi hujibiwa kwa nyundo na tindo. Marumaru hupasuliwa, ukuta hufunuliwa, halafu huonekana kwamba ubaya wote ulikuwa ni kipande cha mpira kisichofika bei ya soda.

Yafaa kwanza tujue kwa nini koki za huku kwetu huchoka upesi. Sehemu kubwa ya maji ya Moshi na ya vijiji vya juu huja kwa mserereko tu. Chemchemi kama zile za Shiri na Nsere zinazolisha mji ziko juu yake, na maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Ni neema, maana mteremko hautozi bei ya umeme. Lakini neema hiyo ina nguvu. Kila mita 10 maji yanaposhuka ndani ya bomba lililojaa, msukumo wake huongezeka kwa baa 1 hivi. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi la mradi yaweza kupata karibu baa 6, isipokuwa kama njiani pamejengwa tangi la kupunguza nguvu. Vyombo vingi vya bafuni vimetengenezwa kwa baa 1 mpaka 5. Na usiku, watu wanapolala na koki za kijiji kizima zimefungwa, msukumo hupanda zaidi. Ndiyo sababu mama wa nyumba husikia kudondoka saa nane za usiku, na asubuhi fundi akija anasema hakuna kitu.

Tena kuna mchanga. Bomba kubwa likipasuka na kutengenezwa, maji ya kwanza hurudi na tope, kutu na chembe za mchanga. Chembe moja ikikwama chini ya mpira wa koki, kila unapokaza unaikandamiza, nayo inachimba.

Sasa tuitazame koki yenyewe. Ile ya kawaida, ya kuzungusha mara kadhaa, si kitu kipya. Kiwanda cha Guest and Chrimes cha mji wa Rotherham, Uingereza, kilitoa koki ya kukaza kwa hesi mwaka 1845, na mpaka leo tumbo lake ni lile lile. Mkono wa kushika umeunganishwa na shina lenye hesi. Mwisho wa shina pana mpira, ambao mafundi huuita washa. Na chini ya mpira pana kiti, yaani duara ya shaba ambayo maji hupita katikati yake. Ukikaza, mpira hukaa juu ya kiti na njia huzibwa. Juu, mahali shina linapotokea nje, pana uzi au ringi ya mpira ya kuzuia maji yasipande kando ya mkono.

Ukilijua hilo, koki yenyewe itakueleza ugonjwa wake. Ikiwa maji hudondoka kwenye bomba la mvua hali umefunga, ubaya uko kwenye mpira au kiti. (Lakini ngoja dakika chache kwanza, maji yaliyobaki ndani ya kichwa cha bomba hudondoka kidogo baada ya kuoga, na hiyo si kuvuja.) Ikiwa maji huchuruzika kando ya mkono wakati koki imefunguliwa, ubaya uko kwenye ule uzi au ringi ya juu. Hayo mawili ni matengenezo, si kung'oa. Fundi hufunga koki kuu, hufungua kifuniko kwa spana, hutoa shina, huweka mpira mpya, naye ukutani hagusi.

Kabla hajaweka mpira, mwambie amulike ndani kwa tochi na apitishe kidole juu ya kiti. Kiti kizima ni laini kama ukingo wa kikombe. Kikiwa na mfereji au tundu, mpira mpya utafaa wiki mbili, kisha utaanza kulia tena, na wewe utamlaumu fundi au mwenye duka bure. Kiti kilichoparuzika kidogo chaweza kusagwa kikawa sawa, kwa kifaa ambacho mafundi wachache wanacho. Kilicholiwa sana hakina dawa. Hapo koki imefikia mwisho wake.

Mpira nao una adui mwingine, hasa katika nyumba za Desemba: kukandamizwa miezi kumi na moja. Mtu huondoka Januari, anakaza kila koki kwa nguvu zake zote, ati nyumba iwe salama. Mpira unalala pale umebanwa, unakauka, unashika umbo la kiti na kupoteza ulaini. Afadhali ufunge koki kuu, ufungue ya bafu mpaka maji yaishe, kisha uirudishe kidogo tu bila kuikaza.

Pengine mtu atasema, matone ni matone, yaache. Weka ndoo ya lita 20 chini yake jioni saa kumi na mbili. Ikijaa kufikia asubuhi saa kumi na mbili, basi ni lita 40 kwa siku, na kwa mwaka ni lita 14,600. Dira huhesabu kwa yuniti za lita 1,000. Hizo ni yuniti 14 na zaidi, na maji yaliyokwisha kupita kwenye dira ni yako, umeyaoga au hukuyaoga. Wazee wa Uchagga waliolima kwa mifongo waliziba tundu la mfereji kwa migomba, mawe na udongo siku ile ile, na maji ya usiku waliyakusanya katika nduwa ili asubuhi yagawanywe. Hawakuwa na dira.

Lini basi ing'olewe?

Ing'olewe ikiwa mkono wazunguka tu bila kukaza, maana hesi za ndani zimekwisha. Ing'olewe ikiwa mwili wake una ufa, au ikiwa fundi akiishika kwa spana unaanza kumeguka. Koki nyingi zinazong'aa dukani si shaba. Ni zinki iliyopakwa mng'ao, na baada ya miaka michache hujaa chunjua nyeupe. Ipime kwa mkono: ya shaba ni nzito. Mimi ningeshauri koki ya shaba iliyofifia rangi itengenezwe mara tatu kabla ya kubadilishwa na ile nyepesi inayometa.

Ing'olewe pia, hata kama haivuji, ile ya kuchanganya maji ya moto na baridi ambayo mtu akifungua maji jikoni, anayeoga anaungua. Penye mtoto au bibi mzee, hilo halingoji.

Lakini linaloogopesha kuliko yote ni lile lisilosikika. Tazama upande wa pili wa ukuta wa bafu, kwenye chumba au nje. Ukiona rangi inabanduka, lipu inavimba au kuna weusi wa ukungu, maji yanatoka ndani ya ukuta. Funga koki zote za nyumba, kisha kaitazame dira. Kigurudumu chake kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali fulani. Hapo usibishane na tindo. Ukuta ufunguliwe, maana kinachokuwa hatarini ni nyumba. Na ukuta ukishafunguliwa, ni upumbavu kurudisha koki ya zamani ili kuokoa fedha kidogo. Kazi kubwa ya gharama ni marumaru na saruji, si koki.

Kuna koki za siku hizi za mkono mmoja, za kuinua na kushusha. Hizi hazina mpira wa kukaza. Ndani mna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Zikivuja, hubadilishwa moyo wake wote. Kwa hiyo swali hapa ni hili: moyo huo wapatikana? Utoe, uufute, uende nao mwenyewe kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Usiende na picha. Tofauti ya upana mdogo au ya meno ya shina huifanya safari kuwa bure. Usipoupata wa namna ile ile, hapo utang'oa koki nzima hata kama mwili wake bado ni mzima. Ndiyo maana, kabla ya kununua koki ya namna hii, muulize mwenye duka kama auza na moyo wake peke yake. Akinyamaza, chagua nyingine.

Jambo jingine linasahauliwa na wengi. Ukiwa unaoga maji ya tangi la plastiki lililo juu ya mnara wa mita 3, msukumo wako haufiki hata nusu baa. Koki nyingi za mkono mmoja zina njia nyembamba, nazo kwa msukumo huo zitakutolea uzi wa maji tu. Kule Kibosho asubuhi ya Julai, uzi wa maji si kuoga. Nyumba ya tangi yafaa ibaki na koki ya zamani ya kuzungusha, yenye tumbo pana. Nyumba iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mteremko yahitaji kinyume chake: koki imara, na penye nguvu nyingi mno, chombo cha kupunguza msukumo kiwekwe baada ya dira.

Kuhusu fundi, mwulize aeleze ubaya uko wapi kabla hajashika tindo. Si kwamba mafundi ni wadanganyifu. Kung'oa kuna malipo zaidi, na mtu mwenye haraka huona kung'oa ni rahisi kuliko kutafuta. Mwombe akuonyeshe mpira uliotolewa. Mwombe pia, kama ukuta unafunguliwa, aweke koki ndogo ya kufungia bafu peke yake, ili siku nyingine nyumba nzima isikose maji kwa ajili ya chumba kimoja.

Na akimaliza kuunga, asizibe ukuta siku hiyo. Maji yafunguliwe, pakaushwe kwa kitambaa, pawekwe karatasi kavu chini ya kila kiungo, paachwe usiku mzima, wakati msukumo uko juu. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, lipu na marumaru virudi.