Freemason: Yanayofanyika Ndani ya Loji (Sehemu ya Pili)

Ukishuka Nakivubo, jijini Kampala, kutoka stendi ya zamani ya teksi, kabla hujaingia soko la Owino, tazama nguzo za umeme. Zimejaa vikaratasi: dawa ya mapenzi, dawa ya biashara, na mara nyingine mwaliko wa kujiunga na Freemason upate utajiri. Chini yake kuna namba ya simu. Atakayepiga ataambiwa atume kwanza ada ya fomu kwa simu, kisha ada ya pete, kisha ya kafara. Mchuuzi wa mitumba anaweza kumaliza mtaji wote hivyo, na aibu ikamfunga mdomo.

Juma lililopita tulieleza jinsi loji nne, yaani vikundi vya Freemason, zilivyoungana London tarehe 24 Juni 1717. Leo tuingie ndani, tuone kama kweli humo hugawiwa utajiri.

Anayeomba uanachama lazima akiri kwamba Mungu yupo. Haulizwi anaswali wapi. Ndiyo maana katika loji za Afrika Mashariki, ambako Mhindu, Mwislamu na Mkristo huketi pamoja, Gita, Qur'ani na Biblia huweza kuwekwa meza moja, kila mtu akaapa kwa kitabu chake. Mabishano ya dini na siasa yamekatazwa humo.

Ngazi ni tatu: mwanagenzi, fundi na fundi mkuu, maana mfano wote umetolewa kwenye kazi ya uashi. Bikari na pembemraba vinafundisha kiasi na unyofu. Ngazi ya tatu ndiyo iliyozaa hofu mitaani. Huigizwa humo kisa cha Hiramu, fundi wa hekalu la Suleimani, aliyekubali kuuawa kuliko kutoa siri ya ufundi wake. Anayepandishwa hulazwa kama maiti, kisha huinuliwa. Fuvu na jeneza ambavyo watu huvinong'ona ni alama za kisa hicho, za kumkumbusha mtu kwamba atakufa. Baada ya sherehe hiyo wanachama hula pamoja na kuchangia misaada. Kila mwaka hulipa ada, loji haiwalipi.

Mfano wa karibu ni Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa, aliyeongoza loji za Kiingereza za Afrika Mashariki kuanzia 1986 hadi 2005. Mwaka 1967, akiwa tayari mwanachama, viwanda vya familia yake vya kusaga nafaka vilitaifishwa Tanzania. Hakuna loji iliyomrudishia. Alibaki akaliendesha shirika la umma la usagishaji, kwa mshahara.

Sisemi kwamba wanaopinga hawana hoja. Papa Clement XII aliwakataza Wakatoliki mwaka 1738, Vatikani ikarudia katazo hilo 1983, na wanazuoni waliokutana Makka mwaka 1978 nao walitoa fatwa ya kukataza. Hizo ni hoja nzito za itikadi, za kiapo na usiri, na muumini anayo haki ya kumsikiliza kiongozi wake. Lakini hoja hizo hazimfanyi Freemason kuwa mgawa fedha.

Kwenye loji za kweli muombaji hupendekezwa na wanachama wanaomjua, kisha hupigiwa kura ya siri. Hakuna wakala wa nguzoni. Ndugu yangu wa Owino, ukiiona namba ile, usitume hata shilingi moja. Na kama umeshatuma, nenda polisi, umeibiwa.