Gari la Japani: dai ufunguo wa pili kabla ya kulipa

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani, awe wa Olasiti au wa katikati ya jiji la Arusha, hubishania bei na kilomita. Ufunguo huukumbuka baadaye, na mara nyingi hukabidhiwa mmoja tu.

Hapo ndipo penye hasara. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Waya uliozungushwa kwenye swichi huipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa namba yake. Namba isipotambuliwa, kompyuta ya gari huzuia injini kuwaka. Uingereza ililazimisha kinga ya aina hii kwa magari mapya mwaka 1998.

Ufunguo wa kuchonga tu, usio na chipu, utafungua mlango lakini hautawasha gari. Kuandikisha chipu mpya wakati ya zamani ipo ni kazi nyepesi. Zote zikipotea, gharama hupanda, na pengine gari livutwe hadi gereji.

Betri ya rimoti ikiisha, usikubali kuuziwa ufunguo mpya. Betri hiyo ni ya milango, injini itawaka.

Muuzaji asiye na ufunguo wa pili apunguze bei. Akikupa miwili, washa injini kwa kila mmoja.