Kabla ya Kugusa, Andika

Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mvumbuzi David Livingstone alipofariki, watumishi wake Susi na Chuma waliwaita wenzao wote. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya kila mtu, ili asitokee wa kusema baadaye kwamba hakujua kilichokuwamo. Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyesomea Nasik, India, akaandika orodha: kofia, saa, dira, vipimo. Vitu vikarudishwa masandukuni, na safari ya kuelekea Unyanyembe, eneo la Tabora, na pwani ikaanza.

Kazi ya kuhamisha vitu vya makumbusho na kusimika maonesho imesimama juu ya jambo hilohilo. Kitu hakiguswi kabla hakijaandikwa, na kinaandikwa mbele ya mashahidi. Mgeni anayeingia ukumbini huona kabati la vioo, taa na maelezo. Asichokiona ni njia ambayo kitu kimepita mpaka kikafika hapo, na hatari kubwa iko njiani. Kikiwa kimetulia kabatini, kigoda cha mtemi kinaweza kukaa miaka bila ufa mpya. Huvunjika siku kinaponyanyuliwa kwa haraka, kinapopitishwa mlango mwembamba, au kinaposafirishwa garini bila kuegemezwa. Kwa hiyo msimamizi wa maonesho ni msimamizi wa mienendo: nani anabeba, anabeba vipi, anapita wapi na anaweka wapi.

Hatua ya kwanza ni ripoti ya hali. Ni karatasi moja au mbili zenye nambari ya usajili, jina la kitu, vipimo vyake, malighafi, picha za pande zote na maelezo ya kila ufa, doa na kipande kilichopungua. Chini huwa na tarehe na sahihi. Ripoti husomwa tena, kitu kikiwa mezani, kila kinapobadilisha mikono: kinapotoka ghalani, kinapofika ukumbini, kinaporudi. Nambari yenyewe haiandikwi kwa kalamu ya wino mzito juu ya mti, wala haibandikwi kwa utepe wa gundi, maana gundi huzeeka na kuacha doa. Hupakwa kwanza tabaka jembamba la utomvu angavu unaoweza kuondolewa baadaye, mahali pasipoonekana, na nambari ikaandikwa juu ya tabaka hilo.

Oktoba 1873 msafara wa akina Susi ulifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ukamkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron. Alifungua masanduku na kuchukua baadhi ya vipimo kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Orodha haizuii mkono wenye mamlaka. Lakini palipo na orodha, kilichoondoka kinajulikana, na swali linaweza kuulizwa hata miaka 150 baadaye. Ndiyo maana namwambia kila kijana anayeanza kazi hii kwamba daftari lake ni kinga ya kwanza, kabla ya kufuli.

Hatua ya pili ni mkono. Chukua mfano wa kiti cha enzi cha mtemi wa Kinyamwezi, chenye miguu mitatu na egemeo refu, kilichochongwa kutoka gogo moja. Mtu asiyefundishwa atakishika kwenye egemeo, kwa kuwa linaonekana kama mpini. Hapo ndipo mti ulipo mwembamba, na uzito wote uko chini yake. Anayejua kazi huanza mbali zaidi. Huvua saa, pete na kitambulisho kinachoning'inia kifuani. Hutembea njia nzima akiwa mikono mitupu, akifungua milango na kuondoa kilichozagaa sakafuni. Huhakikisha meza ya kupokelea ipo tayari, imetandikwa. Ndipo wawili wanaposhika: mmoja anabeba chini ya kikalio, mwingine anategemeza miguu na kulinda egemeo bila kulivuta. Anayetoa amri ni mmoja tu, na watu hawapokezani kitu hewani. Kinawekwa chini kwanza, kisha mwingine anakichukua.

Glavu nazo zina utaratibu wake. Shaba na chuma havishikwi bila glavu kamwe, kwa sababu chumvi ya jasho huacha alama ya kidole inayokuja kugeuka kutu. Kwenye mti uliochongwa, glavu za pamba hunasa kwenye vibanzi na kuteleza, kwa hiyo zile laini za mpira ni bora. Karatasi hushikwa kwa mikono mitupu iliyonawa na kukauka, ili vidole vihisi unene wake. Shanga zilizotungwa kwenye uzi mkuukuu hazinyanyuliwi kabisa. Huwekwa kwenye sinia lililotandikwa kitambaa, na sinia ndilo linalobebwa.

Hatua ya tatu ni kufungasha, na hapa Tabora, kituo cha misafara ya zamani, ina urithi wake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na uliandaliwa kwa kufuata tabia ya kitu chenyewe. Nguo ziliviringishwa na kukazwa mpaka zikawa ngumu. Waya wa shaba uliviringwa kuwa duara na kuning'inizwa kwenye ncha mbili za mti wa begani. Pembe kubwa ilibebwa na watu wawili. Mnyampara alijua mzigo upi uko kwa nani, na kirangozi, kiongozi wa njia, alishika mwendo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mafundi wa usafirishaji, na ufundi huo unastahili kutajwa ndani ya makumbusho zetu kwa heshima ileile tunayowapa wachongaji.

Kasha la makumbusho linafuata kanuni hizohizo. Kitu kisicheze ndani. Uzito uchukuliwe na sehemu imara, sehemu dhaifu zisiguswe na chochote. Kinachogusana na kitu kiwe safi na kisichotoa asidi wala rangi. Magazeti ya zamani hayafai, kwani wino wake huhamia kwenye mti na nguo. Kitambaa kizuri kwa kazi hii kilikuwa bidhaa ya njia yenyewe ya misafara: amerikani, ile pamba isiyotiwa rangi, ikifuliwa mara kadhaa kuondoa dawa za kiwandani. Sponji ya kasha hukatwa kwa umbo la kitu, na juu ya kasha huchorwa mshale wa upande wa juu, nambari, na jina la mwenye dhamana.

Ufungashaji huangalia pia njia na watu wake. Mwili wa Livingstone ulikaushwa, ukafungwa kwa kitambaa, ukatiwa ndani ya gamba la mti, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebea. Ulipopita Kwihara, huko Kasekera wenyeji walikataa maiti ipite kwao. Wabebaji wakaufungasha upya ufanane na mtumba wa kawaida wa nguo, na wakatengeneza furushi lingine la mabua lililorudishwa Unyanyembe kana kwamba linakwenda kuzikwa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili wa mtu si kifaa cha makumbusho, na ninautaja kwa heshima. Nautaja kwa sababu sijui safari nyingine ya karne ile inayoonesha wazi zaidi kwamba usalama wa dhamana hutegemea akili za wanaobeba.

Hatua ya nne ni kusimika, na hapa jengo huwa na neno lake. Tembe la Kwihara, ambako Livingstone na mwandishi wa habari Henry Stanley walikaa mwaka 1872, lina kuta nene za udongo na paa la bapa. Jengo lenyewe ndilo kitu cha kwanza cha maonesho. Hupigilii msumari kwenye ukuta wa namna hiyo, na huning'inizi uzito kwenye boriti zake. Unatumia mabango na stendi zinazosimama zenyewe sakafuni. Stendi na kabati zisogezwe mbali na ukuta, angalau upana wa kiganja, ili hewa ipite na njia za mchwa zionekane mapema. Mchwa hutoka sakafuni na kupanda ukutani kimyakimya. Tochi moja na mzunguko wa kila wiki nyuma ya kabati huokoa zaidi kuliko dawa iliyopulizwa baada ya hasara.

Kishikizo cha kitu hukunjwa kufuata umbo la kitu, na kitu hakilazimishwi kuingia kwenye kishikizo. Chuma chake hufunikwa kwa kitambaa laini kila kinapogusa. Maelezo yawekwe mahali ambapo mtu mzima aliyesimama na mtoto wa shule ya msingi wote wanasoma. Mwanga kwenye nguo, ngozi, manyoya na karatasi usizidi laksi 50, na kwenye mti uliopakwa rangi usizidi 200. Jua la mchana la Unyamwezi likipita dirishani ni maelfu ya laksi, na pazia la mkeka litafanya kazi ya kwanza kabla ya taa yoyote ya bei kubwa.

Kuhusu hewa, makumbusho nyingi duniani zimekubaliana kuwa unyevu kati ya asilimia 40 na 60, na joto kati ya nyuzi 16 na 25, vinafaa vitu vingi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu kikavu. Kiyoyozi kinachozimika umeme ukikatika huleta mabadiliko ya ghafla, na mti hupasuka zaidi kwa mabadiliko ya ghafla kuliko kwa ukavu uliozoeleka. Ukuta wa udongo hubadilika polepole, na ndiyo faida yake. Kasha likitoka Tabora kwenda Dar es Salaam, kwenye unyevu mwingi, liachwe limefungwa siku nzima kabla ya kufunguliwa.

Ukiona unga laini chini ya kigoda, bungua wako hai. Kitenge na vingine mara moja. Mti mkavu usio na ngozi iliyowambwa unaweza kufungwa kwenye nailoni na kuwekwa ndani ya friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Usinyunyizie dawa ya wadudu juu ya kitu. Makumbusho za Ulaya zilipaka arseniki, na baadaye DDT, na sumu hiyo bado imo kwenye vitu vingi. Viti vya enzi vya Kinyamwezi vimo Berlin, na mwaka 2024 maonesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa la Tanzania yalifunguliwa Humboldt Forum katika mji huo. Mazungumzo ya kurejesha vitu yakizaa matunda, glavu zitakuwa kinga ya mbebaji pia, na kipimo cha sumu kitatangulia kila kazi.

Hayo yote hayahitaji jengo jipya. Njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, imo tangu 2006 kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Vituo sita kwenye njia moja vinaweza kuhudumiwa na timu moja ya wasimikaji inayosafiri, yenye sanduku moja la zana na fomu moja ya ripoti ya hali. Fedha ya kwanza ikipatikana, iende kwenye kamera, vipima unyevu, amerikani na mishahara ya watu hao, kisha makabati yafuate. Kabati zuri lililowekewa kitu na mtu asiyefundishwa litaonesha tu kwa uwazi zaidi mahali kitu kilipovunjika.