Lugha ya Kuamrisha na Lugha ya Kuuliza: Mhandisi Kijana na Taarifa za Usanifu huko Kambove

1. Utangulizi

Mji wa Kambove uko kiasi cha kilomita 25 kaskazini-magharibi ya Likasi, katika ukanda wa shaba wa Katanga. Wenyeji walichimba na kuyeyusha shaba hapo kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, na mashimo yao ya kale ndiyo yaliyowaongoza wapimaji wa Kizungu. Hivyo, taarifa ya kwanza ya uhandisi katika mgodi huo ilitoka kwa wenyeji wa mahali. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mhandisi kijana anavyopata taarifa anazohitaji katika usanifu, na nafasi ya Kiswahili cha Katanga katika kazi hiyo.

2. Taarifa hutafutwa wapi?

Uchunguzi wa Gerstberger na Allen, uliochapishwa mwaka 1968, ulidhihirisha kwamba mhandisi huchagua chanzo cha taarifa kwa kuangalia urahisi wa kukifikia kuliko ubora wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1977, Thomas Allen aliongeza kwamba wahandisi hutegemea sana mazungumzo na wenzao, na kwamba mazungumzo hayo hupungua upesi kadiri umbali baina ya meza zao unavyoongezeka.

Mhandisi kijana ana tatizo jingine. Ahmed na Wallace, waliochunguza wasanifu katika tasnia ya ndege na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, waligundua kwamba wasanifu wachanga walijua wanachohitaji kukifahamu katika asilimia 35 tu ya maswali waliyowauliza wazoefu. Kwa maneno mengine, shida ya kijana si kukosa jibu peke yake. Mara nyingi hata swali lenyewe halijui. Kitabu hakiwezi kumsaidia hapo, kwa kuwa kitabu hujibu kile tu kinachotafutwa ndani yake. Mtu mzoefu aweza kumwambia asilolitafuta.

3. Mfano wa bomba

Tuchukue mfano wa mhandisi aliyepewa kazi ya kusanifu upya bomba la kusafirisha matope ya mabaki kutoka mtambo wa kuchenjua madini. Vitabu vitamweleza kwamba kasi ya matope ikiwa ndogo mno, mchanga hutuama. Ikiwa kubwa mno, viwiko vya bomba huliwa upesi. Mchoro wa zamani, ulioandikwa kwa Kifaransa, utampa urefu na kipenyo. Lakini mchoro huonyesha bomba lilivyokusudiwa, wala hauonyeshi lilivyorekebishwa na mafundi kwa miaka mingi. Tena, chokaa itumiwayo katika uchenjuaji huweza kujenga gamba ndani ya bomba, na kipenyo halisi kikawa kidogo kuliko kile cha karatasi.

Anayejua hayo ni fundi aliyelifungua bomba hilo mara nyingi. Hapa ndipo sarufi inapoingia katika uhandisi. Kiswahili cha Katanga kina kiambishi tamati -aka, ambacho, pamoja na kazi nyingine, huonyesha mazoea. Fundi akisema "bomba inaziba", anaeleza jambo la sasa. Akisema "bomba inazibaka", anaeleza jambo linalojirudia. Kauli ya kwanza yahitaji matengenezo. Ya pili yahitaji usanifu mwingine. Mhandisi atakayeandika ripoti yake kwa Kifaransa hana budi kuongeza neno la kuonyesha mazoea, kwani kitenzi cha Kifaransa katika wakati uliopo hakitofautishi hali hizo mbili. Asipofanya hivyo, silabi moja iliyopotea katika tafsiri itakuwa imeondoa taarifa muhimu kuliko zote.

4. Kuamrisha na kuuliza

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni nchini Kongo, alionyesha jinsi miongozo mingi ya lugha iliyoandaliwa kwa Wazungu ilivyoelekea kwenye kuamrisha kuliko kuzungumza. Mwenye kuamrisha hupeleka taarifa chini. Hapokei ya kutoka chini. Mhandisi wa leo, ingawa ni mwana wa Katanga, aweza kurithi desturi hiyo pamoja na cheo chake.

Aidha, kuna suala la umri. Kwa cheo, kijana ni mkubwa wa fundi. Kwa umri, fundi ni baba yake. Fundi huona vigumu kumsahihisha mkubwa wa kazi, na kijana huona haya kuonekana hajui. Wote wawili wakinyamaza, bomba litaziba. Anayeanza kwa kusema "papa" na kuuliza kazi ilivyofanyika zamani hajashusha cheo chake. Amefungua mlango wa taarifa.

5. Hitimisho

Jambo hili si la nadharia tu. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Michoro ilibaki, waliojua tofauti baina ya mchoro na bomba waliondoka. Wengi wao walikuwa wazee, na kila mwaka idadi ya wanaoweza kuulizwa hupungua.

Wajibu wa wahandisi ni kuandika juu ya mchoro kile walichoambiwa, kwa maneno yaleyale ya msemaji, kabla ya kukitafsiri. Wajibu wa wanafunzi wa isimu ni kukusanya istilahi za mafundi hao kwa maana zake kamili, viambishi vikiwamo. Kazi hiyo haidai maabara. Inadai daftari, subira, na kujua kuuliza.