Furu wa Ghuba ya Speke Anapohamia Tangi Kubwa

Dume la Pundamilia nyererei halipiti bila kutazamwa: mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, milia myeusi iliyoshuka wima. Ni furu wa miamba ya kusini mwa Ziwa Victoria, na mojawapo ya makazi yake ni kisiwa cha Makobe kwenye Ghuba ya Speke, ghuba hiyohiyo ambamo wavuvi wa Nassa, wilayani Busega, hutega nyavu zao. Alielezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la kumuenzi Mwalimu Julius Nyerere. Leo anafugwa kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani.

Ufugaji huo una uzito wake. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akaitawala Ghuba ya Mwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakiwachunguza furu huko tangu 1977, waliona aina moja baada ya nyingine ikikosekana kwenye nyavu zao. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Chache, kama Haplochromis perrieri, zimeendelea kuishi kwenye matangi ya wafugaji. Kwa hiyo anayewahamisha furu kutoka tangi dogo kwenda kubwa huenda amebeba ukoo mzima kwenye ndoo, na kosa la siku moja laweza kuumaliza.

Hatari yenyewe haionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, usiku na mchana. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa kundi la Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, kwani huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Kisha bakteria wa Nitrospira huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Wengi wa bakteria hao hawaelei majini. Wamejishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye mawe na changarawe, katika utando mwembamba unaoteleza ukiugusa. Mtu anaweza kubeba maji yote ya zamani, lakini akiifua sponji kwa maji ya bomba amewaua watendaji kazi wake: klorini inayoua vijidudu vya maradhi haibagui.

Kwa furu kosa hilo ni ghali zaidi, kwa sababu hufugwa kwenye maji yenye pH ya 8 hivi. Katika nyuzi joto 25, maji yakiwa na pH ya 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo huwa katika umbo la sumu kali. Yakifika 8, sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 5 hivi. Yakifika 9, huzidi theluthi.

Tuchukue tangi la lita 100 linalohamia la lita 400. Wengi huhofu kwamba maji yakiwa mara nne, bakteria nao lazima wawe mara nne. Lakini bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula, na chakula chao ni uchafu wa samaki. Samaki wakibaki walewale, chujio la zamani linatosha, na amonia itakayoponyoka itazimuliwa na wingi wa maji.

Kazi ianzie kwenye meza, maana maji pekee yatakuwa na uzito wa kilo 400. Tangi jipya lijazwe, klorini iondolewe, joto lilingane na la tangi la zamani. Furu wawekwe kwenye ndoo za maji yao wenyewe yenye pampu ya hewa. Chujio lizimwe mwisho, libaki limelowa, na liwe la kwanza kuwashwa upande wa pili. Changarawe nene isikorogwe samaki wakiwamo: chini kabisa, pasipofika oksijeni, hujificha gesi yenye harufu ya yai viza, nayo huua. Kwa wiki mbili chakula kipunguzwe, amonia na naitraiti zipimwe kila siku, na asiongezwe samaki hata mmoja.

Tabia nazo zizingatiwe. Dume la furu hulinda eneo lake kwa ukali, hivyo mawe yapangwe upya na samaki waingizwe pamoja, asiwepo mwenyeji wa kuwafukuza wageni. Jike hutamia mayai na vifaranga mdomoni kwa takribani wiki tatu. Akisumbuliwa anaweza kuwatema au kuwameza. Ni heri kumsubiri.

Wafugaji wa matumbawe ya maji chumvi hufuata kanuni ileile. Kwao mawe yenye vitundu ndiyo makao ya bakteria, na chumvi, gramu 35 hivi kwa lita, huchanganywa mapema hadi iyeyuke yote.

Ziwa nalo lina hesabu hiyohiyo. Naitreti inayobaki kwenye tangi huondolewa kwa kubadilisha maji. Ziwani hakuna wa kuyabadilisha. Nitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na vyooni, pamoja na tope linaloletwa na mito kama Simiyu, hulisha mwani na kutia maji kiza. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba majike wa furu huchagua madume kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazitambuliki na aina huchanganyika. Makobe, kwenye maji maangavu zaidi, nyererei mwekundu na ndugu yake wa buluu bado wamebaki aina mbili.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita hizo zikiachiwa matete na miti, tope na mbolea hunaswa kabla ya kufika majini. Hilo ndilo chujio la Ghuba ya Speke, na mwambao wa Nassa unastahili kulindwa kwa sheria hiyo bila kulegea, kwa kuwa likishauawa hakuna tangi kubwa zaidi la kuwahamishia furu wote.