Mto Hupimwa Mvua Inaponyesha

Mkulima wa viazi wa Isongole, wilayani Rungwe, hapigi dawa kwa kupenda. Ukungu wa viazi hustawi penye ubaridi na unyevu, na Rungwe ina vyote viwili: mji wake wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua ikiosha majani, bomba hurudi mgongoni. Hivyo msimu wa kupulizia sana ndio huohuo ambao maji ya shambani hukimbilia mtoni kwa wingi.

Anayetaka kupima masalia ya viuatilifu lazima aanzie hapo. Dawa haiingii mtoni sawasawa mwaka mzima. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kupulizia huibeba, nyingine imeyeyuka, nyingine imenata kwenye udongo, na saa chache baadaye kijito kinaweza kuwa kimeshapitisha sehemu kubwa ya mzigo wake. Atakayefika na chupa siku ya nne ataandika kwamba maji ni safi, na hatakuwa amedanganya. Ujerumani ilipochunguza vijito zaidi ya 100 mwaka 2018 na 2019, sampuli zilizochotwa wakati wa mvua zilivuka viwango vya usalama mara nyingi zaidi kuliko zile za ratiba.

Kuna kikwazo cha pili. Mankozebu, dawa inayotumika sana dhidi ya ukungu huo, haidumu majini. Huvunjika na kuacha ethilini-thiourea, inayoyeyuka na kusafiri. Maabara inayotafuta mankozebu peke yake inaweza kukosa kilichobaki.

Msingi wa kazi hii upo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina makao yake Tukuyu penyewe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Upo pia mfumo wa TARISS, unaosoma afya ya mto kwa wadudu wanaoishi chini ya mawe yake. Wadudu hao hukaa mtoni usiku na mchana. Wimbi la sumu likipita, kupungua kwao hubaki kuwa ushahidi hata maji yakishang'aa.

Ninachodai ni mpangilio. Wadudu wachunguzwe kabla na baada ya msimu wa kupulizia, wao watuonyeshe kijito chenye shida. Kisha jumuiya ya watumia maji ya hapohapo ipewe chupa safi, mafunzo na sanduku la barafu, ichote mvua inaponyesha, maana gari la ofisi haliwezi kuiwahi mvua ya alasiri. Maabara ipelekewe sampuli hizo chache pamoja na majina ya dawa zilizotumika wiki hiyo.

Parachichi la Rungwe likikutwa Ulaya na masalia yaliyozidi kiwango, hukataliwa. Maji ya Mto Kiwira hayana mnunuzi wa kuyakataa. Hushuka Kyela hadi Ziwa Nyasa, na wanaoyachota njiani hawana nafasi ya kuyarudisha.